Nukta ya Pili

Marehemu alilala chali katika chumba cha kupulizia rangi, kati ya ukuta na gari jipya lililong'aa kupita kiasi. Aliyemkuta hakuwa amemfuata yeye. Alifuata gari.

Alikuwa mwanamke mkandarasi, mjenzi wa maghorofa, mwenye matope ya saiti kwenye buti na sauti iliyozoea kushindana na mashine za zege. Gari lake la kifahari lilitoka kiwandani likiwa jeupe, kama magari ya wenye nazo wengi, na yeye hakutaka kufanana nao. Alilileta hapo viti vikiwa bado na nailoni zake. Asubuhi hiyo mlinzi alimfungulia karakana, naye akaliona gari kwanza, akatabasamu. Ndipo alipoona viatu.

"Nilitabasamu, afande," alimwambia Inspekta, na alilisema kama mtu anayekiri wizi. "Mtu amekufa pale chini, mimi meno nje."

Inspekta alimjibu kwamba hakuna sheria inayokataza kutabasamu. Alikuwa mtu mnene, mpole wa kauli, aliyekaa kwenye upelelezi miaka mingi bila kupandisha sauti. Kasoro yake moja ilijulikana kituo kizima: rangi hazijui. Si kwamba haoni, ila hana majina. Mkewe husema bwana huyu ana rangi tatu tu duniani, nyeupe, nyeusi na "ile nyingine", na ndiyo maana hatumwi kununua kitambaa.

Marehemu ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Watu wote walimwita Mzee, hata wateja waliomzidi umri. Alivuma kwa kazi moja, rangi za kuagiza, zile ambazo huzipati kwenye kopo la duka lolote. Mteja analeta kipande cha kitambaa, jani au kumbukumbu tu, naye Mzee anachanganya mpaka mteja aseme hiyo hiyo.

Kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Kwenye ncha ya benchi la chuma, ambalo huwekwa milango na bampa, kulikuwa na nywele na damu iliyokauka. Mtaalamu wa uchunguzi wa eneo la tukio, dada mwembamba aliyevaa kofia ya plastiki kichwani, alipiga picha, akapima, kisha akaomba mwili unyanyuliwe.

"Njoo uone, afande."

Sakafu yote ilikuwa na utando mwembamba wa vanishi, ulionata kwenye soli. Lakini pale mwili ulipokuwa umelala hapakuwa na kitu. Ilikuwa saruji tupu yenye umbo la mtu aliyetanua mikono. Na kifuani, kwenye shati la Mzee, vanishi ilikuwa imetua sawasawa na ilivyotua kwenye gari.

"Alianguka kwanza," alisema Inspekta taratibu.

"Alianguka kwanza. Halafu mtu akapuliza vanishi gari zima, akamaliza, akasafisha kipulizio, akakitundika mahali pake."

Inspekta alikitazama kile kipulizio kikining'inia msumarini, kikopo chake kimesuguliwa kwa thina mpaka kinawaka. Kumsukuma mtu kwa hasira alikuelewa, kesi za namna hiyo zimejaa kwenye makabati yake. Kubaki pale na kufanya kazi ya watu, kwa utulivu, kandokando ya mtu aliyelala sakafuni, hilo hakuwa amewahi kukutana nalo.

Nje, Sajini alikuwa ameshapata mtu wake. Sajini huyu alikuwa hodari na mwaminifu, tatizo lake ni wepesi wa pingu. Alikuwa amemsimamisha mlinzi ukutani, naye mlinzi alikuwa na doa kubwa la wekundu mzito kwenye mkono wa shati.

"Hii ni nini?"

"Damu ya mzee, afande."

Pingu zilifunga kabla mlinzi hajafunga mdomo. Maskini yule alikuwa bado na uzito wa pombe ya jana, na kila alivyojieleza ndivyo alivyozidi kujizamisha. Ndiyo, ni damu ya mzee. Aliiegemea jana mchana ikiwa mbichi. Kwenye suruali ipo pia. Na kwani kuna ajabu gani, si hata gari lote limepakwa hiyo hiyo? Sajini aliandika kila neno kwa furaha.

Mkandarasi ndiye aliyemwokoa. Alisogea akamwambia Sajini kwa upole, kama anavyomwambia kibarua aliyepanga tofali upande, kwamba damu ya mzee ni jina la rangi. Ndiyo rangi ya gari lake. Ndiyo rangi ya sweta alilovalia shule, lililopita kwa dada zake wawili kabla ya kumfikia yeye likiwa na viraka viwikoni, na aliapa siku moja ataivaa tena ikiwa mpya. Sajini alitazama doa, akatazama gari, akafuta alichoandika.

"Kumbe ile nyingine ina jina," alisema Inspekta.

Hata hivyo mlinzi hakuachiwa. Zamani alikuwa mpuliza rangi hapo hapo, Mzee akamtoa kwenye kazi kwa sababu ya ulevi na kumpa geti kwa huruma. Alikuwa na funguo na alijua kazi. Alipoulizwa jana jioni alikuwa wapi, aliinamisha kichwa. Alikuwa kibandani kwake, amelala. Alisikia kompresa ya kupulizia rangi inanguruma, akajua Mzee yuko kazini, akalala kwa amani.

"Ningeamka nikachungulia tu," alisema. "Kuchungulia tu, afande."

Mkwe wa marehemu alifika wakati utepe wa polisi umeshafungwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, kucha zimekula rangi za kila aina. Mzee alimpokea karakanani miaka mingi nyuma, akamfundisha kazi, mwishowe akampa binti yake wa pekee. Alianza kazi kwa kusugua mabati, ndiyo maana Mzee alimwita Msasa, na jina likamganda. Aliposikia habari alipiga magoti kwenye changarawe akalia. Inspekta amesikia vilio vya kila namna na hiki hakikuwa cha uongo. Jambo hilo lilimsumbua kwa muda wote uliofuata.

Msasa alisema kwamba jana aliondoka mapema. Rangi yenyewe ilikuwa imeshakauka, ilibaki vanishi ya juu, na Mzee alitaka kuipuliza mwenyewe, peke yake. Alikuwa na tabia hiyo kwenye kazi kubwa. Hapakuwa na ugomvi wowote. Mzee alikuwa baba kwake.

Inspekta alitoa kalamu.

"Nisaidie jambo dogo, maana mimi kwa rangi ni kipofu. Gari niliandike rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu tu?"

"Nyekundu nzito. Iliyokolea. Andika unavyoona, afande."

Inspekta aliandika nyekundu, akarudisha kalamu mfukoni. Wakati ule hakuwaza kitu.

Nyumba ya Mzee ilikuwa nyuma ya barabara ile ile. Binti yake alikuwa amekaa kwenye kona ya kochi, miguu imevimba, tumbo limefika mahali ambapo mama kijacho hajui tena aweke wapi mikono. Shangazi mmoja alimpepea kwa gazeti. Inspekta alikataa chai, akakaa kwenye kigoda kilicholalamika.

Alimuuliza mumewe alirudi saa ngapi.

"Mapema," alisema binti, akitazama zulia.

"Jua lilikuwa bado lipo?"

"Alirudi mapema."

Inspekta hakumsukuma. Alimuuliza kuhusu baba yake, na hapo uso wa binti ulifunguka kidogo. Alieleza jinsi baba alivyoipenda kazi hii ya damu ya mzee, jinsi alivyoisifia mezani. Akaeleza alama yake. Kila gari alilolipaka Mzee lina nukta moja nyeupe, ndogo, iliyowekwa kwa kichwa cha kijiti cha kiberiti, ndani ya kile kimlango cha kujazia mafuta. Huwekwa pale baada ya sehemu za kificho kukauka, kisha hufunikwa kwa tepu ya karatasi mpaka gari likamilike. Alama hiyo aliirithi kwa mwalimu wake. Siku mwalimu alipomkubali kuwa fundi kamili, hakufanya sherehe wala hotuba. Aliweka tu nukta ya pili pembeni ya nukta yake, akamwacha mwanafunzi aione mwenyewe.

"Na mumeo ameshawekewa?"

"Bado. Anangoja." Alishika tumbo. "Amengoja sana, afande. Mimi ndiye nimekuwa nikimwambia angoje."

Alipokuwa anamsindikiza mlangoni, binti alimuuliza swali ambalo Inspekta alitembea nalo mpaka kituoni. Alisema huyu mtoto alishakosa babu kabla hajamwona. Akauliza, ukimpata aliyefanya hivi, mimi nitabaki na nani?

Inspekta alijua alichokuwa anaulizwa. Alimjibu kwamba apumzike. Lilikuwa jibu la mtu mwoga, na alilijua.

Kesho yake daktari wa maiti alimwita. Alikuwa mzee mwenye haraka, na safari hii haraka ilikuwa imemwisha. Alisema jeraha la kisogo lilivujisha damu ndani ya fuvu polepole. Mtu wa namna hiyo akiwahishwa hospitali, mara nyingi hupona.

"Kwa hiyo hakufa pale pale."

"Tumekuta chembe za vanishi puani, na kwenye koo, na chini zaidi." Daktari alivua miwani. "Wakati gari linapulizwa, yeye alikuwa anapumua."

Inspekta alirudi kituoni, akaomba chai. Alimimina nusu yake kwenye kikombe kingine, akakipeleka mahabusu mwenyewe, akampa mlinzi. Mlinzi alikipokea kwa mikono miwili, na kabla hakijafika mdomoni chai ilikuwa imemwagika kwenye mapaja yote. Aliomba radhi. Alisema mikono haijatulia tangu pombe imzoee, ndiyo maana Mzee alimwondoa. Inspekta alimtazama kwa kitambo, akafikiria lile gari, uso wake laini mpaka unajiona meno. Akamwambia Sajini amfungulie.

"Lakini afande, ndiye pekee aliyekuwepo."

"Mpe kitambaa ajifute kwanza. Halafu mfungulie."

Binti wa Mzee alikuja mwenyewe alasiri ile, amejifunika khanga mpaka usoni. Alikaa kwa taabu. Sajini alitaka kuandika, Inspekta akamwashiria asubiri.

Alisema baba yake alikuwa haoni. Si giza tupu, lakini rangi zilishamwacha zamani. Kwake nyekundu na kahawia na nyeusi zilikuwa ukungu mmoja. Siri hii waliijua watu watatu tu, yeye, baba na mumewe. Mumewe ndiye aliyechanganya. Mteja akija, Mzee alisimama juani akainua kibao cha majaribio, naye Msasa, akijifanya anapita na ndoo, alimnong'oneza: ongeza nyeusi kidogo. Mzee akasema kwa sauti, ongeza nyeusi kidogo. Wateja wakashangaa lile jicho.

"Kwa hiyo hakuweza kupuliza vanishi peke yake," alisema Inspekta.

"Asingeweza, afande."

"Na mumeo alirudi lini?"

Alikunja pindo la khanga mpaka Sajini akaangalia pembeni kwa aibu. Kisha akasema alirudi giza limeingia. Aliingia kuoga, maji yakamwagika muda mrefu, na hakula. Kitandani aliweka mkono kwenye tumbo lake kama kila siku, halafu akauondoa ghafla kama aliyeungua. Ndipo alipojua kuna kitu. Hakujua ni nini, na hakuuliza, kwa sababu aliogopa kuambiwa.

"Nimemuuza mume wangu," alisema.

Inspekta alisema hapana. Alijichukia kwa kuona kwamba katikati ya machozi ya mwanamke yule, yeye alikuwa anapanga maswali.

Msasa aliletwa kwenye chumba cha mahojiano jua likiwa bado limekaa dirishani. Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu na ukuta uliobanduka rangi. Alipokaa, macho yake yalikwenda kwenye ukuta kwanza, kwa mazoea ya kazi. Inspekta alimpa maji. Akampa pole tena. Kisha akaanza.

"Tangu juzi mchana hujaliona lile gari?"

"Sijaliona."

"Hata jana, ulipofika?"

"Mlikuwa mmefunga utepe. Sikuvuka."

"Ni kweli, hukuvuka. Na vanishi alipuliza Mzee."

"Peke yake."

"Basi nikupe na pole nyingine." Inspekta alifungua jalada lisilokuwa na chochote cha maana, akajifanya anasoma. Hakupenda hila, na hii aliichukia kuliko zote. "Aliiharibu kazi. Mlango wa nyuma, upande wa dereva. Vanishi imetiririka mpaka chini, mistari mistari. Mteja anasema jina la karakana limekwisha."

"Haijatiririka."

"Tumeona kwa macho."

"Mmeona vumbi. Mlango ule haujatiririka, afande. Pale nilipita kwa mkono mwepesi kabisa, nikaungoja ushike ndipo..."

Sajini aliacha kuandika. Jua lilikuwa limefika kwenye mikono ya Msasa, na alikuwa ameiinua hewani, wa kulia umekunja kidole kana kwamba umeshika kipulizio. Aliitazama, akaishusha mezani.

Inspekta hakushangilia. Alihisi uchovu.

"Rangi ya lile gari inaitwaje?"

"Nilishakwambia. Nyekundu."

"Mlinzi ameitaja, ikamtia pingu. Mteja ameitaja. Mkeo ameitaja. Hata mimi, nisiyejua kitu, siku hizi naitaja. Wewe umeichanganya kwa mkono wako, na ni wewe tu ambaye hujaitaja mbele yangu hata mara moja." Alisogeza kiti. "Itaje, mwanangu."

Msasa alifungua mdomo. Akaufunga, akaufungua tena.

"Damu," alisema. Akaanza upya. "Damu ya mzee."

Kisha akainamisha kichwa mezani na kulia kilio kile kile cha kwenye changarawe.

Alipotulia, hakuhitaji kuulizwa mengi. Alisema siku ile mkandarasi alikuja kuangalia rangi kabla ya vanishi. Alizunguka gari akishika mdomo, akasema ndiyo yenyewe, ndilo sweta lake. Akauliza nani kaichanganya. Msasa alikuwa amesimama pale na ndoo. Rangi ile ilikuwa imemnyima usingizi, aliitafuta mpaka akaiota. Alimtazama Mzee, akasubiri.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Macho ni yangu. Huyu ni mkono wangu.'" Msasa alifuta pua. "Macho. Kati ya vitu vyote, afande, akachukua macho."

Mteja aliondoka. Waliingia chumba cha kupulizia, wakachanganya vanishi. Msasa hakutaka ugomvi. Alimwambia tu kwamba kesho, gari likichukuliwa, aseme ukweli mara moja, kwa mteja huyu mmoja, basi. Mzee alicheka. Hakucheka kwa dharau, Msasa alikiri hilo mwenyewe, alicheka kama mtu aliyeficha kitu. Akasema, "Puliza, Msasa. Kesho utaona." Lakini Msasa alisikia lile jina tu. Alisikia Msasa, msugua mabati, tangu ujana mpaka leo anakaribia kuitwa baba. Alimsukuma kifuani kwa mikono miwili.

"Nilijua amekufa," alianza, akasimama. Akatikisa kichwa. "Hapana. Nisidanganye tena. Sikujua. Alikuwa anakoroma. Sauti ndogo."

"Ukafanya nini?"

"Nikawasha kompresa, nisiisikie."

Inspekta alikumbuka mlinzi kibandani, aliyesikia ngurumo ile ile na kulala kwa amani.

"Vanishi ilikuwa imeshachanganywa," Msasa aliendelea, polepole, kana kwamba na yeye anaisikia hadithi kwa mara ya kwanza. "Ukiiacha inaganda. Nikajiambia nimalize, halafu nimbebe hospitali. Nikaanza na bodi ya juu. Nikasema na milango. Ilikuwa inatoka vizuri, afande. Haijawahi kunitoka vizuri vile. Nilitaka kazi moja iwe yangu, moja tu. Nilipozima kompresa, hakukuwa na sauti tena."

Sajini alimsogezea karatasi. Alitia sahihi kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Mkandarasi alikuwa nje kwenye benchi, ameitwa kutoa maelezo yake, na alipoambiwa alishika buti zake kwa mikono yote miwili akasema angejua asingeuliza. Swali lenyewe lilikuwa la kusifia tu. Akasema gari wafanye wanavyotaka, yeye hatalipanda.

Kabla ya kufunga jalada, sheria ilimtaka mtuhumiwa aoneshe tukio lilivyokuwa. Walimrudisha karakanani akiwa na pingu. Alionesha alipokuwa amesimama, benchi, namna Mzee alivyokwenda chini. Alizungumza kwa sauti kavu, akikwepa kutazama lile umbo la mtu kwenye saruji. Sajini alipiga picha.

Mlango wa nyuma, upande wa dereva, haukuwa na mtiririko wowote. Inspekta aliinama akajiona humo, uso mnene, macho mekundu. Ndipo alipoona ubavuni mwa gari kipande cha tepu ya karatasi kilichobaki, kimefunika kimlango cha mafuta. Alikumbuka kochi, gazeti la kupepea, kijiti cha kiberiti.

Angeweza kumwachia yule dada wa uchunguzi. Baadaye alijiuliza kwa nini hakufanya hivyo, na hakupata jibu lililompendeza.

"Tepu hii nani aliiweka?"

"Mzee. Siku ile asubuhi. Huwa hanipi niibandue, anaiondoa mwenyewe mteja akija."

"Ibandue."

Msasa aliinua mikono iliyofungwa. Hakuivuta tepu kwa nguvu kama ambavyo Inspekta angefanya. Aliikunja nyuma juu yake yenyewe, taratibu, asijeruhi ukingo wa vanishi. Hata pale, hata katika hali ile, kazi haikuweza kumtoka vidoleni. Karatasi ilidondoka. Akakifungua kimlango.

Ndani, kwenye wekundu ule mzito, kulikuwa na nukta nyeupe, ndogo, ya mviringo, imekaa katikati. Pembeni yake kulikuwa na nyingine. Hii ya pili ilikaa chini kidogo kuliko ilivyopaswa, na ubavuni mwake palikuwa na alama ya kidole, cha mtu aliyepapasa kwanza ili ajue pa kuiweka.

Inspekta alisubiri kilio. Hakikuja. Msasa alisimama tu, akasogeza kidole karibu na ile alama ya kidole, kisha akakirudisha bila kugusa.

"Asubuhi," alisema. "Kabla mteja hajafika."

"Ndiyo."

"Ilikuwa humu wakati ananiambia nitaona."

Inspekta alifikiria nyumba iliyo nyuma ya barabara, binti aliyemwambia mume angoje, na kwamba jioni hii hii lazima mtu aende akamweleze habari ya nukta hii, na mtu huyo ni yeye. Alijaribu kutafuta namna ya kuisema ambayo isingemkata. Hakuiona.

Sajini alikuwa ameinama kwenye boneti akijaza maelezo ya kielelezo: aina ya gari, mwaka, hali. Alifika mahali akainua kichwa.

"Rangi niandikeje, afande?"

Neno Inspekta alikuwa nalo. Lilikuwa ulimini, tayari. Alimtazama Msasa, na Msasa alikuwa anamtazama yeye, anangoja alisikie.

"Andika nyekundu," alisema Inspekta. "Nyekundu tu."